Nkambo (babu) anasema mbele ya 1960 tulikuwa huru, na pa ukuta yake iko picha ya fimbo. Munifasirie

mwana_katuba

Jambo yenu bote. Niko na swali inanisumbua tangu juma iliyopita, mu nyumba siwezi kuirudilia juu ilishaleta matata, njo maana naleta hapa kwa bazee na ba yaya benye kujua.

Nkambo yangu mwanaume alizaliwa mu kambi ya Union Minière, kampuni ya shaba ya Babelgi, baba yake alikuwa anatumika ku fonderi, pale pa ile shimini kubwa yenye kila mutu ya Lubumbashi anaijua. Sasa siku ya Mungu tulikuwa tunakula, mudogo yangu akasema mwalimu aliwapatia kazi ya kuandika uhuru ni nini, juu ya 30 Juni, siku ya uhuru ya Kongo. Nkambo akabakia na bukari mu mukono, akasema: "Uhuru? Siye tulikuwa nayo mbele ya 60. Kisha baliibeba." Mjomba akakasirika sana, akasema baba usifundishe batoto vile, Lumumba, waziri mukuu wa kwanza, balimuua hapa hapa kwetu Katanga, 17 Januari 1961, balimuua juu ya nini basi? Nkambo hakujibu, akanawa mikono, akaenda kuikala inje.

Na wakati alikuwa anasema vile, juu ya kichwa yake iko ile picha ya rangi yenye benye miaka yao banaijua, zamani ilikuwa mu manyumba mingi ya hapa. Mufungwa mwenye nguo ya mistari ya manjano na nyeusi amelala chini, polisi amenyanyua fimbo, muzungu amesimama na kofia yake anaangalia, bamama na batoto banalia pembeni, bendera ya Mbelgi iko juu, na maandiko: Colonie Belge (koloni ya Mbelgi) 1885-1959. Aliinunua yeye mwenyewe na falanga yake, kwa bapentre ba hapa.

Swali yangu njo hii: mutu atanunua namna gani picha ya fimbo, aitie mu salo miaka yote hii, kisha aseme wakati ya fimbo njo wakati ya uhuru? Ni uzee? Ao uhuru yenye anasema yeye haina ile tulisoma ku masomo? Juu mimi pia nilijiuliza uhuru yangu ni nini, na kitu ya kwanza iliingia mu kichwa haikuwa bendera wala wimbo ya inchi, ilikuwa ni kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ku mpaka ya Zambia bila kusimamishwa ku barièra na kuombwa kitu. Nikaona haya, lakini njo ile iliingia.

mtoto_wa_kambi

Mudogo, nkambo yako haina uzee, mimi nilikomalia mu kambi najua kile anasema. Kwetu bazee walikuwa na neno, kazi njo baba, kazi njo mama. Mufuko wa unga ulikuwa unafika bila kuuliza, nyumba ya matofali, masomo ya batoto, lupitali, hata mpira na fanfare. Mutu alikuwa anaamka na sirene, analala na sirene, na katikati hakuwa na woga ya kesho. Ile kutokuwa na woga ya kesho njo bazee wanaita uhuru, hawana jina ingine ya kuipatia.

Lakini umuulize pia kama mugeni alikuwa analala kwao bila ruhusa. Hapana! Ndugu akitoka mu mugini ilikuwa lazima kiongozi wa kambi ajue, siku ngapi, anakuja kufanya nini. Mukubwa wa kambi angeweza kuingia kuangalia kama nyumba ni safi na mama amepika namna gani. Baba aliyekulisha njo alikuwa na haki ya kukuingilia mpaka ku jiko. Nkambo alikuwa mutoto wakati ile, na mutoto hasikie uzito ya ile kitu, anasikia tu harufu ya mukate.

Kisha mambo ilianguka. Katikati ya miaka ya 80 Gécamines, kampuni ya serikali yenye ilirizi Union Minière, ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka mumoja, 1990 mugodi wa Kamoto ukaporomoka, na miaka kidogo nyuma yake hata sehemu ya kumi ilikuwa kazi kuipata. 2003 watu zaidi ya 10,000 wakatoka ku kazi na malipo ya mwisho, falanga ya Benki ya Dunia. Baba yangu alikuwa mu kampuni ingine sitaitaja, yeye alikaa miezi na miezi bila mushahara, na kila asubui anavaa kofia ya kazi, anaikala pa mulango. Sirene haikuwa inalia tena. Nakumbuka ile kimya zaidi ya njaa.

Mimi nikaenda kuchimba. Sheria mupya ya migodi ilitoka 2002, tukasikia kama mutu ya kawaida naye anaweza kuwa na karte ya mchimbaji, basi tukaingia mu mashimo, tukaanza kupasua heterogenite (mawe ya cobalt) na burin na masi, na nawaambia kweli, siku ya kwanza nililipwa mu mukono yangu bila mukubwa yeyote, nilisikia niko huru kupita nkambo yangu na baba yangu bote. Miezi ine nyuma shimo ya karibu na yetu ikafunika vijana, hakukuwa na sirene, hakukuwa na lupitali ya kampuni, hakukuwa na mutu wa kuandika majina yao. Nilikuwa nashika kamba, nikasikia imelegea mu mukono.

Njo vile nasema nkambo yako asichekewe.

mwalimu_mstaafu_Likasi

Mwanangu, swali lako ni zuri na ninalijibu kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza neno lenyewe. Uhuru haukuanza 1960. Kiswahili chetu cha huku kilikuwa kinaitwa Kingwana, lugha ya waungwana, na mungwana maana yake ya kwanza ni mtu ambaye si mtumwa wa mtu. Kilifika na misafara ya biashara kutoka pwani, watu wa Tippu Tip upande wa Maniema, na huku kwetu kulikuwa na Msiri kule Bunkeya aliyeuza pembe, shaba na binadamu. Kwa mtu wa wakati ule kuwa huru ni jambo moja tu, hakuna mtu anayeweza kukuuza, basi. Hakuna habari ya kura wala ya serikali. Desemba 1891 Msiri akauawa na msafara wa watu wa mfalme Léopold wa Ubelgiji, na dola ya Léopold ikajitapa kwamba imekuja kukomesha utumwa, kumbe mamilioni ya watu wakaingizwa kwenye kazi ya utomvu wa mpira kwa mjeledi. Sasa ona: mtu hauzwi tena sokoni, kwa hiyo kwa maana ya zamani ameshakuwa mungwana, lakini mwili wake bado si wake. Hapo neno likaanza kubanwa, likahitaji kutanuka.

Pili, mwaka 1941. Hili huwa nalirudia darasani mpaka wanafunzi walikuwa wananiita kwa hiyo tarehe. Wafanyakazi wa Union Minière kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, waligoma, vita ya Ulaya imepandisha bei za vitu na mshahara umebaki palepale. Tarehe 9 Desemba askari wakawapiga risasi, makumi wakafa, mmoja wao karani Léonard Mpoyi aliyekuwa anawasemea wenzake. Hao watu hawakudai bendera, walidai mshahara. Mimi siamini mtu akiniambia hiyo haikuwa kudai uhuru.

Baada ya vita mambo yakageuka tena. 1948 ikaja karte ya mérite civique, 1952 ikaja immatriculation, mtu mweusi anaomba aandikwe kuwa ni mstaarabu, wakaguzi wanakuja nyumbani kuangalia anakulaje na anaishi na mkewe namna gani. Kwa hao tulioita évolués, uhuru ulikuwa ni kufanana na mzungu, kuingia mahali anapoingia, kutembea mjini usiku bila kuulizwa karatasi. Hatukai mbali na alama zake, kule Lubumbashi, kati ya mji wa wazungu na Kamalondo, mtaa wa watu weusi, waliacha eneo tupu kwa makusudi ili watu wasichanganyike. Miaka kumi baadaye, watu walewale walioomba kadi ndio waliosema hatutaki kadi tunataka nchi. Safari ya akili ya ajabu, kwa muda mfupi hivyo!

Na kuhusu maandishi ya picha, 1959 na si 1960: mimi naisoma hivi. Tarehe 4 Januari 1959 watu wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walijaa barabarani, wakapigwa risasi, na hawakurudi nyuma kama zamani. Sherehe ya 30 Juni 1960 ilikuwa ni ya makaratasi na hotuba. Mchoraji anahesabu kuanzia siku woga ulipovunjika. Jenerali Janssens, Mbelgiji mkuu wa jeshi, alikuwa hajaelewa hilo, Julai 1960 akawaandikia askari ubaoni "kabla ya uhuru = baada ya uhuru", na siku hizohizo jeshi likaasi. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga.

inga_bila_kuran

Mimi nasema kifupi. Mwanzo wa miaka ya 80 balimaliza laini ya kuran (umeme) kutoka barrage ya Inga mpaka Kolwezi, kilometa karibu 1,700, juu ya migodi. Inapita juu ya vijiji na vijiji vyenye havina hata balbi moja. Nilikuwa nasafiri mu kaminyo upande wa Kamina, nikaona mama anatwanga mihogo chini ya ile nguzo kubwa kabisa, usiku umeingia anatumia kinga cha moto cha kuni. Bendera iko, waya iko, kuran haiko. Mu akili yangu uhuru utaanza siku ule waya utashuka kwa ule mama.

mzaliwa_wa_Likasi

Mwalimu asante, lakini ulipofika 11 Julai ulipita mbio sana. Naomba nisimame pale kidogo.

Mimi ni Muluba wa Kasai, nilizaliwa Likasi, baba alizaliwa Likasi. Nkambo wangu aliletwa na treni miaka ya 20, Union Minière ilikuwa inakwenda kutafuta watu wa kazi mpaka Kasai, hakujileta mwenyewe. Mwaka 1992 na 1993, wakati nchi nzima inasema sasa midomo imefunguka, rais Mobutu ameachilia vyama tangu 24 Aprili 1990, Konferansi ya kitaifa inaendelea Kinshasa, sisi huku tukaanza kuitwa bilulu. Wadudu. Watu waliokuwa wanatufukuza walikuwa wanasema Katanga sasa iwe huru, na huru maana yake ilikuwa bila siye.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulilala pa gare ya Likasi tukingoja treni, si siku moja, ni majuma na majuma, maelfu ya watu, mahema ya maturubai na mashuka. Mama alikuwa na sufuria moja, na kifuniko chake kilibaki nyumbani, alikuwa anakisemea kile kifuniko kila siku kama kwamba kingekuwepo mambo yangekuwa sawa. Jirani wetu wa zamani, mama wa hapa hapa, alikuwa anakuja jioni na unga chini ya kitenge, anauacha bila kusalimia ili wasimuone. Watoto walikufa pale pa gare, kwa kuhara na kwa surua.

Tena wakati ule maneno yalikuwa mazuri kabisa. Uhuru wa kusema, uhuru wa vyama, uhuru wa jimbo. Yote ya kweli. Mei 1990 wanafunzi waliuawa usiku pa kampasi ya Lubumbashi, watu wakalia kwa haki, nchi nzima na nchi za nje zikasimama. Miaka miwili baadaye midomo ileile iliyofunguliwa ikatuita wadudu. Kwa hiyo kila nikisikia mtu anasema wazo la uhuru limekua, limepanuka, huwa nauliza kwanza nani amewekwa nje ya mlango safari hii. Nilirudi Katanga 2006 kupiga kura yangu ya kwanza, mstari ulikuwa mrefu, mbele yangu mtu wa Katanga, nyuma yangu mtu wa Katanga, tukashirikiana mwavuli ya jua. Siku ile ilinifaa. Sijasahau ya gare lakini siku ile ilinifaa.

mwana_katuba

Yaya, pole sana. Mu nyumba yetu hatujasikiaka mutu anaongea ile mambo ya gare. Hata mara moja.

mama_sambaza_Bukavu

Bonjour kwenu watu ba Lubumbashi, mie niko Bukavu. Nimesoma yote, ni mazuri, ila naona muko munahesabu uhuru ya wanaume. Uchaguzi ya Mei 1960, ile ilizaa serikali ya Lumumba, ni wanaume tu balipiga kura. Kisha Mobutu akatuambia tuko huru kabisa, 1971 inchi ikawa Zaire, 1972 tukaacha majina ya wazungu, hakuna karavati, hakuna kuvaa kizungu, tukaimba na kucheza asubui yote mbele ya bendera, na kila mutu ni mwanachama wa MPR, chama ya Mobutu, tangu tumboni. Mama yangu aliniambia alifurahia kweli ile ya majina, alisikia jina ya nyanya yake imerudi mu kinywa ya watu. Sitaki kuidharau. Ila 1987 inchi ileile ikaandika sheria ya familia, na ndani yake mwanamke aliyeolewa hawezi kusaini jambo ya sheria bila ruhusa ya bwana.

Mie nauza sambaza, samaki kidogo za ziwa. 2009 nilikuwa nimekusanya pesa kidogo, nilitaka kufungua konti ku benki moja hapa mujini. Yule kijana wa gishe alikuwa mupole hata, hakunitukana, alisema tu mama lete karatasi ya bwana. Bwana yangu alikuwa Shabunda mu machimbo, simu haipitike, mwaka haujafika. Nilirudi na pesa mu kifua pale nilipoitolea, na ile usiku sikulala juu ya kuchunga mulango. Miaka karibu makumi tano ya uhuru, na mie niko nachunga mulango! Julai 2016 njo walibadilisha ile sheria. Hakukuwa fanfare, hakukuwa siku ya mapumziko. Mie nilisikia ku redio nikiwa napanga samaki, nikapunguza moto ya jiko, nikasikiliza vizuri, nikasema eee, leo njo 30 Juni yangu.

Sasa tangu Februari 2025, wakati waasi ba M23 waliingia Bukavu, hata benki zilifungwa, na uhuru yenye naomba kila usiku imekuwa kitu kidogo sana, gari isisimame mbele ya nyumba kisha saa mbili ya usiku. Ikipita tu naanza kupumua. Siwezi kumufundisha mutoto kama hiyo njo uhuru, lakini njo yenye niko nayo leo.

mtoto_wa_kambi

Mama, tunakuombea. Hilo la gari kupita limenikaa.

mwana_katuba

Narudi na habari. Jana jioni nilimupelekea nkambo chai inje, nikamusomea majibu yenu yote, polepole, macho yake haisome tena ku telefone. Ku ile ya sirene alitikisa kichwa, akasema huyo mutoto anajua. Ku ile ya ruhusa ya mugeni alinyamaza, kisha akasema baba yake balimufukuzishaka ndugu yake usiku, mvua inanyesha, ndugu mwenyewe wa tumbo moja, juu siku zake zilikuwa zimeisha. Alikuwa hajatuambiaka ile.

Njo nikapata nguvu ya kumuuliza ya picha. Alisema aliinunua wakati ya Zaire, miaka ya 70, aliibeba juu ya kinga (baiskeli) kutoka komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, mpaka hapa Katuba, rangi bado haijakauka, ikamupaka mu shati. Nikamuuliza, wakati ile Mbelgi alishaenda zamani, uliinunua juu ya nini? Akanikokota mukono tukaingia mu salo. Akasema, washa telefone, umulika. Nikamulika muzungu. Akasema hapana, si huyo, huyo amesimama tu, umulika mwenye kushika fimbo.

Nilikuwa naona hii picha tangu kuzaliwa na sijawaza kumuangalia yule polisi uso. Ni mutu wetu. Nkambo akasema wakati ile ya 70 huyu njo alikuwa bado ku kazi, asubui na usiku, na hakuna mwenye angeweza kumupenta na nguo ya sasa akabakia hai, basi bapentre balimuvalisha nguo ya zamani na siye tulinunua, na kila mugeni aliyeingia hapa alielewa bila kusema. "Njo maana nilisema balibeba uhuru. Sikusema Mbelgi alikuwa muzuri. Mjomba yako hakungoja nimalize."

Nikamuuliza tena na hao bamama banalia pembeni, juu nilikuwa na maneno ya mama wa Bukavu mu kichwa. Alimulika yeye mwenyewe, akaikala murefu anaangalia. Akasema ule mwenye kibakuli ku kichwa anafanana na mama yake, alikuwa anapelekaka chakula ku boloko (jela) wakati baba yake alifungwa siku nane juu ya kupita upande ya wazungu bila karatasi.

Mudogo yangu ameshaandika kazi yake yote upya, kurasa ine, na anataka apeleke picha ku masomo. Nkambo amekataa, anasema itavunjika mu taxi, lakini leo asubui nimemukuta anatafuta kitenge ya kuifunga.